Bomu la Saanane

Watu wa Mwanza wakianza kusimulia vita vya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, hawachelewi kufika kwenye kisa cha wanyama wale, swala, waliopigwa bomu. Wanacheka sana. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mji, uwanja wa ndege, nimevaa kombati, na siku ile sikuona cha kuchekesha.

Nilitokea Ngerengere, kambi ya ndege za kivita. Cheo changu kilikuwa fundi wa ndege, ila siku yenyewe ilianza kwa kuokota kokoto. Tulijipanga mstari kuvuka barabara ya kurukia, vichwa chini kama kuku wanaodonoa, tukiokota mawe, misumari na vizibo vya soda. Injini ya ndege ya kivita inavuta kila kitu. Kokoto moja tu inatosha kuharibu mapanga ya ndani. Na Mwanza, jamani, ni mawe matupu!

Halafu mafuta. Kabla ya kujaza ndege tulikinga kidogo kwenye chupa ya kioo, tukaiinua kwenye mwanga. Kama yana maji, maji hukaa chini, unaona kabisa pale yanapotengana. Sajini wetu, mzee aliyesomea kazi China, aliitazama chupa hiyo mpaka rubani akaanza kugunaguna. Hakujali.

Mwishoni mwa Machi 1979, Gaddafi wa Libya, rafiki wa Amin, alimpa Mwalimu Nyerere saa 24 aondoe majeshi yetu Uganda. Mwalimu akakataa. Kambini tukaambiwa tuchimbe mahandaki zaidi, usiku taa zote zizimwe. Ugali na maharage tukala gizani, mtu hajui kama anachotafuna ni harage au mdudu wa ziwani.

Kisha ikaja. Ndege moja ya mabomu, Tupolev ya Libya, ngurumo yake si ya ndege zetu, fundi anatambua. Tukajitupa handakini. Mabomu yakalia upande wa mjini, na kwa kuwa huko ndiko lilikokuwa ghala la mafuta, wote tulisubiri kuona moshi mweusi. Likiungua lile, ndege zetu zingebaki mapambo.

Moshi haukutokea. Baadaye boza la mafuta likaja kutoka mjini, dereva akashuka anacheka peke yake.

"Wamekosa ghala! Wamepiga Saanane!"

Kile kisiwa cha wanyama, kilichofunguliwa 1964 ili wananchi wakawaone simba na swala. Swala kadhaa walikufa, na mfanyakazi mmoja akaumia. Huyo mfanyakazi watu humsahau kila wakisimulia.

Kijana mmoja wa kwetu akamgeukia sajini. "Afande, si watuletee japo paja moja?"

Sajini alikuwa ameshafungua bomba la boza, anakinga mafuta kwenye chupa yake.

"Paja utakula Kampala. Shika mpira huu."

Siku chache baadaye ndege zetu zilikwenda kulipiza Uganda. Alfajiri ile tuliokota kokoto mara mbili.