Nilivyoacha Kuifunika Mule

Bosi aliponituma Nairobi kuichukua ile Mule, alinipa maneno machache: "Isije na mkwaruzo." Nikamwambia usijali, mzee. Kabla hata haijapanda trela la kuvutwa na pikapu yetu nilikuwa nishanunua turubai jipya la buluu na mita ishirini za kamba ya nailoni, nikaifunga kama robota la mitumba. Ukiniona Thika Road asubuhi ile ungedhani nimebeba ndovu aliyelala.

Kwa asiyeijua, Mule ni kigari cha shamba cha Kawasaki, kikubwa kuliko pikipiki ya magurudumu manne, kidogo kuliko Probox. Dereva na abiria hukaa ubavu kwa ubavu, na nyuma kuna sanduku la kubebea nyasi, mbolea au ndama mgonjwa. Kawasaki walianza kuziuza mwaka 1988. Jina lenyewe kwa Kiingereza ni baghala, yule mtoto wa punda na farasi, basi wachungaji wetu wakaamua kuiita Nyumbu. Mgeni mmoja alisikia "Nyumbu yuko gereji" akakimbilia kamera.

Yetu ina kilo mia sita na ushee, na mwendo wake wa mwisho ni kama kilomita 40 kwa saa. Haiwezi kutoka Nairobi mpaka Nanyuki kwa magurudumu yake, karibu kilomita 200. Na kwa kuwa shamba letu lina sehemu mbili, ngano na viazi huko Timau na ng'ombe upande wa Doldol, inapanda trela mara kwa mara.

Safari ya kwanza mambo yalikuwa shwari mpaka Juja. Kupita Thika nikaanza kusikia mlio nyuma, pa-pa-pa-pa, kama mtu anayekung'uta mkeka. Nilisimama Sagana, nikakuta pembe moja ya turubai imechanika na kipande kinapepea. Nikafunga upya, nikala samaki, nikaendelea. Karatina nikafunga tena. Nilipoifunua Nanyuki nilikiona cha mtema kuni. Ubavu wa kushoto rangi ilikuwa imefifia kama iliyopigwa msasa, maana vumbi liliingia chini ya turubai, na turubai likafanya kazi ya kulisugua kwa saa nne. Vile vipete vya chuma vya pembeni vilikuwa vimekigonga kioo cha mbele, ambacho ni cha plastiki, mpaka kikapata nyufa tatu. Bolti mbili za paa zilikuwa zimelegea, kwa sababu nilikuwa nimeitwika Mule tanga la jahazi. Jiwe halikuigusa hata moja. Mzee aliizunguka mara mbili, akanyamaza. Afadhali angenifokea.

Safari ya pili nikajiona mjanja. Tulikuwa tunaitoa Timau kuipeleka kwa ng'ombe. Turubai nikaliacha stoo, na kwa kuwa radieta ya Mule iko mbele nikaona niipakie kinyumenyume, mawe yatakayorushwa na tairi za pikapu yakutane na sanduku la mizigo. Wazo zuri, kwa mawe. Lakini kichumba cha Mule kiko wazi nyuma. Tulipoanza kuteremka kuelekea Nanyuki upepo uliingia huko, ukasukuma paa kutoka chini na kioo kutoka ndani. Vibanio vya kioo vimetengenezwa kuhimili upepo wa mbele, sio wa kukibandua kwa nyuma. Nikaona kwenye kioo cha pembeni kitu kinang'aa hewani, kikatua kwenye shamba la ngano. Kama kungekuwa na bodaboda nyuma yangu siku ile, nisingekuwa naandika haya kwa mzaha.

Kioo tulikipata, kimepasuka kabisa. Nikaenda nacho kwa fundi mmoja wa kuchomelea, mtaa wa Majengo, nikiwa na mpango wa kumwambia atengeneze sanduku la mabati la kuifunika gari nzima. Alinisikiliza huku akiwa ameinua miwani yake ya kuchomelea, kisha akaniuliza: "Sasa wewe unaogopa mawe ama upepo?"

Nikamwambia vyote.

"Hapana. Mawe mimi nitakuzuilia kwa chuma. Upepo huwezi kuuzuia, ukiuzuia utapindua hiyo trela. Toa kila kitu kinachoushika."

Alichomea fremu mbele ya trela, urefu wa kufika juu kidogo ya taa za Mule. Juu ya fremu akaweka wavu wa chuma wa matundu makubwa, halafu ule waya mwembamba wanaoanikia kahawa huku Nyeri. Jiwe halipiti, hewa inapita. Nyuma ya tairi za pikapu tukaning'iniza vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye tairi kuukuu la lori, vikaacha nafasi ya kiganja tu kufika chini. Nikisema ukweli hivi vipande ndivyo vimefanya kazi kubwa kuliko wavu, kwa sababu jiwe linalonyimwa nafasi ya kuruka halina haja ya kuzuiwa.

Tangu hapo Mule inapanda ikitazama mbele. Kioo nakitoa kabla ya safari, nakizungushia blanketi na kukilaza kwenye kiti cha nyuma cha pikapu. Nakiosha kwa maji mengi na sabuni kidogo. Niliwahi kumkuta kijana mmoja akikifuta na kitambaa kikavu chenye petroli, nikakaribia kulia. Paa la bati gumu linabaki, bolti zake nikizigusa na spana moja moja. Bendera, antena, sururu, ndoo, kofia, vyote vinashuka. Hata mito ya viti naifunga mkanda. Bomba la moshi naliziba kwa kitambaa mvua isiingie, na kitambaa hicho kina utepe mwekundu mrefu unaoning'inia, kwa sababu najua siku moja mtu atawasha injini bila kuangalia, na mtu huyo huenda nikawa mimi.

Mikanda ndiyo iliyonichukua muda kuielewa. Mwanzoni nilikuwa napitisha mikanda juu, kwenye fremu ya paa, naikaza na racheti mpaka Mule inachuchumaa. Inaonekana imeshikika kweli. Lakini barabara zetu zina matuta. Kwenye kila tuta gari linabonyea kwenye springi zake, mkanda unalegea kwa nusu sekunde, na ndoano iliyo wazi inachomoka. Nilipoteza moja hivyo karibu na Naro Moru. Sasa nafunga chini, kwenye vyuma vinavyoshika magurudumu yote manne, mahali ambapo springi ikicheza mkanda haujui. Mikanda minne, kila kona wa kwake, miwili inavuta mbele na miwili nyuma. Ndoano zangu zina ulimi wa kufunga. Panapopita ukingo mkali naweka kipande cha tyubu. Na kila mkanda naupa msokoto mmoja, kwa sababu mkanda uliolala bapa hutetemeka kwenye upepo ukaimba kama nyuki, na ukiimba kutwa unajikata wenyewe. Nguvu yake isome kwenye lebo, na usome ile ya kazi, sio ya kukatikia. Kwa mikanda ya Marekani ile ya kazi ni theluthi moja tu ya nyingine, na wauzaji wengi watakutajia kubwa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuhusu kufunga. Tulipokuwa tunateremka upande wa Kiganjo trela lilianza kutikisa mkia, kushoto kulia, mpaka nikatokwa jasho mikononi. Nilidhani ni tairi. Kumbe nilikuwa nimeiegesha Mule nyuma mno, na injini yake iko chini ya viti, sio mbele kama gari la kawaida. Nilipofika shambani nikaweka kichwa cha trela, pale linapoungana na pikapu, juu ya mizani yetu ya viazi: kilo 48. Trela na Mule pamoja ni kama kilo 920, na kichwa kinatakiwa kibebe angalau sehemu moja ya kumi. Nikaisogeza Mule mbele kidogo kidogo hadi mizani ikasoma 97, kisha nikachora mstari mweupe sakafuni kuonyesha gurudumu linaposimama. Halijawahi kutikisa mkia tena. Mzani wa viazi, nani angedhani.

Mwendo, mimi nimekataa kupita 70. Vijana wananicheka, lakini nguvu ya upepo haipandi sawa na mwendo. Ukitoka 60 kwenda 80 umeongeza theluthi ya mwendo, ila upepo unakusukuma karibu mara mbili. Baada ya kilomita 15 za kwanza nasimama kukaza mikanda, kwa sababu mikanda mipya hunyooka kidogo, na hapo hapo naweka kiganja kwenye vikombe vya magurudumu ya trela, pale katikati beringi zilipo. Vuguvugu ni sawa. Kikinichoma, beringi haina grisi, na safari imeisha hapo.

Mtihani halisi ulikuwa Machi iliyopita, kuipeleka Nairobi kubadilishiwa mkanda wa gia, ule wa ndani unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Kutoka Marua mpaka Kenol ujenzi ulikuwa umeacha kokoto pembeni, na kufika maeneo ya Juja nikajikuta nyuma ya lori mbili za mawe ya kujengea ya Ndarugo, zikidondosha vumbi na vijiwe kila zikikanyaga breki. Niliposhuka niliangalia wavu kwanza. Ulikuwa na vishimo vinane na waya mmoja wa kahawa umekatika. Nyuma yake taa zote mbili nzima, radieta nzima, bodi haina alama mpya. Viti vilikuwa na vumbi la kutosha kuotesha sukuma wiki, na kwa hilo bado sina dawa. Kila nikifika nachukua bomba la maji.

Mzee alipoiona imerudi alipitisha kidole kwenye ule ubavu wa kushoto uliofifia, akauliza kama ni mpya. Nikamwambia hapana, huo ni ule wa zamani. Akauliza turubai liko wapi siku hizi. Liko Doldol, limefunika nyasi za ng'ombe.