Nilivyoizoesha injini mpya ya ndege ya rimoti hapa Moshi

Watu wengi wanaamini injini mpya lazima ibembelezwe, na kwa pikipiki sawa, ila hii yangu ni saizi 46 (yaani ujazo wa inchi 0.46 za ujazo) aina ya ABC, yaani pistoni ya alumini haina ringi na silinda imebanwa kule juu makusudi. Ikiwa ya baridi ukizungusha propela unaona kabisa inakwama, ikipata moto ndo silinda inatanuka pistoni inapita. Sasa ukiiendesha na mafuta mengi ikabaki baridi muda wote unaikwangua bure tu.

Mafuta nilichanganya mwenyewe, methanoli lita 4 kwa lita 1 ya mafuta ya nyonyo, naitro (nitromethani, ya kuongeza nguvu) sikuweka kwani si lazima. Methanoli ni sumu, ukiinywa unaweza kupofuka, kwa hiyo dumu liliandikwa kwa herufi kubwa na likakaa mbali na watoto.

Injini nikaifunga kwa bolti kwenye ubao mzito uani, nikaazima draya ya saluni ya jirani nikapasha silinda kwanza, ndo nikawasha kwa kusukuma propela na kijiti nilichokivisha tyubu ya baiskeli, kidole hapana jamani. Ikishawaka unasimama nyuma yake, sio mbele wala ubavuni.

Kazi yenyewe iko kwenye sindano ya kabureta, ile skrubu ya kupunguza na kuongeza mafuta. Ukifungua sana inanguruma kwa kukatakata na mafuta yanaruka ekzosi, ukiifunga taratibu unafika mahali mlio unabadilika ghafla unakuwa mmoja mkali, mi nikaiacha hapohapo mpakani, resi mwisho, dakika chache, nazima, inapoa kabisa, narudia. Fundi pikipiki wa jirani akaja mbio, "Dogo, injini mpya hiyo unaiunguza!" Nikamwambia shikamoo fundi, hii yenyewe inataka moto. Akakaa kuangalia, hakuamini.

Kujua kama mafuta yanatosha nabana mpira unaoleta mafuta sekunde moja, mlio ukipanda kidogo safi, ukishuka ujue umefunga sana. Na jioni lazima uchome mafuta yote yaliyobaki na udondoshee oili ndani, methanoli inavuta maji, beringi zinaota kutu.

Kuirusha nilienda Arusha, na kule ni kama mita 1400 wakati Moshi ni 800 na kitu, hewa nyepesi zaidi, ikaanza tena kukatakata. Nikafunga sindano kidogo tu mpaka mlio ukarudi, nikainua pua ya ndege juu haikusita, nikaiachia.