Udi wa kwanza, na mkono wa kulia

Jumapili, baada ya Isha.

Swali limerudi tena wiki hii, kama linavyorudi kila mtu mzima anapotamani muziki: nianze na chombo gani? Jibu langu halijabadilika. Ambaye sikio lake limekulia kwenye taarab, aanze na udi, kile chombo cha nyuzi chenye tumbo la mviringo na shingo fupi. Kibodi inapatikana kirahisi, lakini sauti yake imeshatengenezwa kiwandani. Ukibonyeza inalia sawa hata kama sikio limelala. Fidla inataka miezi ya kuuzoea upinde kabla haijaacha kukwaruza. Kanuni ina nyuzi sabini na kitu, na mgeni atamaliza jioni nzima akizikaza. Udi una nyuzi 11: jozi tano na uzi mmoja mnene ulio peke yake. Hizo mtu anaziweza.

Watu huogopa shingo yake, kwa sababu haina vile vyuma vya gita vinavyokuonyesha pa kuweka kidole. Mimi naona hapo ndipo ulipo utajiri wake. Ila kabla ya shingo kuna ununuzi, na hapa watu wengi wanapotea mapema, halafu wanajilaumu kwamba hawana kipaji.

Udi wa pambo unang'aa, una nakshi za kuvutia, na haupigiki. Ukienda kununua, usianze na nakshi. Shika udi kama unayelenga shabaha, utazame kutoka kichwani kuelekea tumboni: shingo iwe imenyooka. Kisha angalia pale shingo inapokutana na tumbo. Nafasi kati ya nyuzi na ubao wa shingo pale iwe kama milimita 3. Ikifika 4 au 5, vidole vitauma, na ukikandamiza uzi unavutika, sauti inapanda juu ya pale ulipokusudia. Hata fundi wa miaka mingi hawezi kuupiga udi huo vizuri, seuze mwanafunzi. Daraja, kile kipande cha mti kilichogundishwa usoni ambako nyuzi zimefungwa, lisiwe na upenyo wowote nyuma yake. Pitisha ncha ya karatasi, ikiingia liache. Gonga uso taratibu kwa kifundo cha kidole, sehemu moja moja. Ukisikia mtetemo mkavu, kuna kijiti cha ndani kimeachia gundi.

Vigingi ndivyo vinavyoamua kama utaupenda udi wako. Zungusha kila kimoja: kizunguke laini bila kurukaruka, na ukikiachia kibaki pale pale. Pwani yetu ina unyevu mwingi. Masika mti unavimba na vigingi vinakwama. Ukiuingiza udi kwenye chumba cha kiyoyozi, mti unanywea na vigingi vyote vinaachia kwa pamoja. Kinachoteleza kipakae chaki kidogo. Kinachokwama kipakae sabuni kavu ya kipande, kisha chaki juu yake. Na kila unapokaza, zungusha huku unakisukuma kigingi kwa ndani. Kinashika kwa sababu kimechongwa kwa kuchongoka, kama kizibo.

Jambo moja zaidi dukani: pima urefu wa uzi kutoka kichwa cha shingo hadi kwenye daraja. Udi wa Kiarabu huwa na sentimita 61 hivi, wa Kituruki 58 na nusu, na ule wa Kituruki hukazwa juu zaidi kwa sauti moja nzima, kama kutoka do hadi re. Ukiuvalisha udi wa Kiarabu nyuzi za Kiarabu halafu ukazikaza kwa Kituruki, unakata nyuzi, na pengine unang'oa daraja.

Mkazo ambao ningempa anayeanza, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, ni do, fa, la, re, sol, do. Programu ya simu ya kupimia sauti za nyuzi inasaidia, ila usiiweke kwenye gita. Iweke isome sauti zote. Kaza ukitokea chini kupanda juu. Ukiupitisha uzi juu ya sauti yake, ushushe mpaka chini kisha upande tena, kwa sababu uzi ulioteremshwa tu huendelea kulegea. Kwenye jozi, zuia uzi mmoja kwa kidole, kaza wa pili, halafu mfuatishe mwenzake. Sauti mbili zikikaribiana bila kulingana utasikia mawimbi, wau-wau-wau. Yanapungua kasi kadiri unavyokaribia, mpaka yanatulia kabisa. Sikiliza kule kutulia. Hilo ni somo la kwanza la sikio, na hujapiga wimbo wowote bado. Nyuzi mpya za nailoni zitashuka kila saa kwa siku kadhaa. Udi hauna kosa, nailoni inanyooka. Uzi ukikatika kila mara kwenye kijifereji cha kichwani, paka pale risasi ya penseli.

Sasa mkono wa kulia, ambao ndio nilitaka kuuandika usiku huu. Wiki tatu za mwanzo, mkono wa kushoto usifanye kitu. Nasema hivi kwa moyo wote, maana kila mtu anataka wimbo siku ya pili, na wimbo uliotolewa na mkono wa kulia mbovu unasikika kama mtu anakwangua sufuria.

Risha ni kipande chembamba kirefu cha kupigia, sentimita 12 hivi kwa urefu na milimita 6 au 7 kwa upana. Zamani ilikuwa unyoya wa tai. Leo ni pembe au plastiki. Ile mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya za umeme, ile mipana, ukiikata na kuizungushia ncha kwa msasa, inatoa risha nzuri kabisa ya kujifunzia. Ilaze ndani ya kiganja, mkia wake ukitokea upande wa kidole kidogo, ncha ikitokea kati ya kidole gumba na cha shahada kwa sentimita 2 au 3. Kiwiko kinaegemea tumbo la udi. Kifundo cha mkono kinakunjwa kwa ndani, na pigo linatoka hapo kwenye kifundo, halitoki begani.

Pigo la chini huanguka kwa uzito wake, likakata nyuzi zote mbili za jozi na kutua kwenye jozi inayofuata. Ukisikia uzi mmoja tu unalia, risha umeishika juu juu. Ukisikia mlio wa plastiki kuliko mlio wa uzi, umeibana mno. Dakika 10 za mapigo ya chini pekee, nyuzi wazi, yaani bila kuzibana kwa kidole, ukihesabu nne nne. Dakika 10 nyingine chini na juu, mpaka pigo la juu lisisikike dhaifu kuliko la chini. Mara mbili kwa siku inatosha. Saa moja mfululizo inachosha kifundo, na mkono uliochoka hujifunza vibaya.

Anayetaka kusikia mkono wa kulia unavyoweza kusema, amsikilize Zein l'Abdin wa Lamu, mpiga udi na mwimbaji wa taarab aliyefariki mwaka 2016. Puuza maneno kwa mara ya kwanza, ufuate risha tu.

Kukaa: uso wa udi uwe wima, ukitazama mbele. Wanafunzi huulaza ili waone vidole vyao, basi tumbo linateleza mapajani na mkono wa kushoto unageuka mbeba mizigo. Weka kipande cha raba nyembamba juu ya paja, usahau kutazama.

Wiki ya nne, kidole cha kwanza cha kushoto. Kwenye uzi wa sentimita 61 na nusu, sauti moja nzima juu ya uzi wazi iko kama sentimita 6.8 kutoka kichwani, na sauti ya nne, ukihesabu uzi wazi kuwa ya kwanza, iko kwenye robo ya uzi, sentimita 15.4. Hesabu hizi ni za kuanzia tu. Hakimu ni udi wenyewe. Bana uzi wa re kwenye robo, upige, kisha piga sol iliyo wazi. Ni lazima zifanane. Fanya hivyo kutoka la kwenda re, na kutoka sol kwenda do. Ila fa kwenda la ni karibu zaidi, kwenye sehemu ya tano ya uzi, na hapo wengi hukosea wakadhani udi umeharibika.

Kuhusu maqam, yaani mipangilio ya sauti ambayo nyimbo hujengwa juu yake, kuna walimu wanaoanza na Nahawandi kwa sababu sauti zake zinapatikana hata kwenye kibodi. Mimi ningeanza na Rasti na Bayati. Mtu aliyekulia madrasa pwani ameshazisikia kwenye adhana na kisomo maelfu ya mara, hata kama hajui majina yake. Rasti ya do ina sauti ya tatu isiyo mi wala mi iliyoshushwa, inakaa katikati. Usiitafute kwa rula. Iimbe kwanza kwa mdomo, uishikilie, kisha usogeze kidole taratibu kwenye uzi wa re mpaka udi na koo vikutane. Siku ya kwanza kidole kitapita juu kidogo, karibu na mi, kwa mazoea ya kibodi na redio. Kirudishe nyuma upana wa nusu ya ukucha, upige tena.