Kukagua ufikivu wa tovuti kwa mstari wa amri

Tovuti nyingi huzinduliwa bila mtu kuuliza kama asiyeona ataweza kuzitumia, na hata swali hilo linapoulizwa, huulizwa mara moja tu, ilhali kurasa hubadilika kila mara. Ndiyo maana naamini ukaguzi huu unapaswa kukabidhiwa programu inayojiendesha kila msimbo unapoguswa. Mimi natumia Pa11y, programu huria ya mstari wa amri, yaani inayotumiwa kwa kuandika amri badala ya kubofya, inayoendeshwa na Node.js, mazingira ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari.

Ukiandika pa11y na kufuatisha anwani ya ukurasa, programu huufungua ukurasa huo katika kivinjari cha Chrome kisichoonekana kwenye skrini, huupima kwa vigezo vya WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, kiwango cha AA, kisha hutaja kila kosa na mahali lilipo: picha isiyo na maelezo mbadala, kisanduku cha fomu kisicho na lebo, maandishi ya kijivu ambayo uwiano wake na rangi ya nyuma haufikii 4.5 kwa 1. Kilicho muhimu zaidi kwangu ni namba ya hali ambayo programu huirudishia kompyuta inapomaliza, ambayo si idadi ya makosa. Ikiwa ni 0, hakuna kosa lililoonekana. Ikiwa ni 2, makosa yapo, na seva inayojenga tovuti inaweza kuagizwa isichapishe toleo hilo mpaka yarekebishwe. Tovuti kongwe yenye makosa mengi inaweza kuwekewa kizingiti cha idadi iliyopo, kikapunguzwa hatua kwa hatua.

Hata hivyo, programu inaweza kuridhika kwamba kitu kipo bila kujua kama ni sahihi. Linaloniuma ni hili la tovuti zetu za Kiswahili: violezo vingi huja vimetangaza lugha ya ukurasa kuwa "en", na mjenzi huacha hivyo hivyo. Pa11y hukuta lugha imetangazwa, ikaridhika. Lakini kisoma skrini cha NVDA, programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kikilifuata tangazo hilo, husoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji akabaki anabahatisha maneno ya lugha yake mwenyewe. Tiba yake ni herufi mbili tu, "sw", kwa kuwa sauti za eSpeak NG, programu ya kugeuza maandishi kuwa sauti inayokuja na NVDA, zinajumuisha Kiswahili. Kwa hiyo, kabla ya Pa11y kuanza, nimeweka amri fupi ya grep, zana ya kutafuta maandishi ndani ya mafaili, inayohakikisha kila ukurasa wa Kiswahili una lang="sw", na fomu mpya haitoki kabla ya kujaribiwa na mtumiaji wa kisoma skrini anayelipwa kwa kazi hiyo.