Nyuzi za gitaa la solo kwenye hewa ya bahari

Gitaa la solo ninalopiga hapa Mtwara nalifunga nyuzi namba 10, yaani uzi wa kwanza inchi 0.010 na wa sita 0.046. Namba 9 ni laini kidoleni na inavutika kirahisi, ila mwenye mkono mzito akiichapa kwa nguvu noti inapanda kidogo, na watu wanadhani hajatyuni.

Urefu wa uzi nao una neno. Kwenye gitaa la umeme aina ya Stratocaster, ambalo lina milimita 648 kutoka nati ya shingo (kipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na vichwa vya kutyunia) hadi kwenye daraja (linaloshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa), uzi wa kwanza namba 10 unabeba mvuto wa kama kilo 7.3, namba 9 ni kilo 6 hivi. Aina ya Les Paul ni fupi, takriban milimita 628, hivyo namba 10 ileile inashuka hadi karibu kilo 6.9. Ndiyo maana seti moja inakuwa ngumu kwenye gitaa hili na laini kwenye lile.

Kwa sauti, nyuzi nene zilizozungushiwa chuma kilichopakwa nikeli zinanitosha. Chuma cha pua kinalia kwa ukali zaidi, lakini kinakula freti, vile vyuma vya kukatisha shingoni. Nikeli tupu imepoa mno kwa solo la dansi. Usiuziwe za gitaa kavu, lile lisilo la umeme: shaba yake haiamshi sumaku za pikapu, kile kifaa kinachonasa sauti chini ya nyuzi, kwa hiyo nyuzi nene zitasikika kwa mbali huku mbili nyembamba zikipiga kelele.

Chumvi ya hewani ndiyo adui, Shangani hapa Mtwara kama Lindi mjini. Kutu inaanza kwenye nyuzi nyembamba zisizozungushiwa. Zenye utando wa plastiki zinadumu, ingawa zinateleza kidogo. Ukimaliza kupiga futa kwa kitambaa kikavu cha pamba, na upande wa chini pia.

Ukihama kutoka 9 kwenda 10, shingo inainama mbele na daraja la springi linanyanyuka. Kaza skrubu mbili za springi nyuma, kisha chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko tu, halafu pima mwinamo wa shingo. Uzi ukilia “tik” unapotyuni, umebanwa kwenye mfereji wa nati. Sugua humo ncha ya penseli. Mwisho linganisha freti ya 12: noti ya kubonyeza ikiwa juu kuliko ya kugusa uzi kidogo tu bila kubonyeza, rudisha kikalio cha uzi kwenye daraja nyuma, mbali na shingo.