Vimelea Vilivyojizalia Ndani ya Kompyuta

Mwezi Juni hapa Uyole baridi huanza kuuma mapema, na jioni nyingi hukaa jikoni karibu na jiko la mkaa, kompyuta mpakato mapajani, nikiangalia programu ndogo niliyoiandika ikijinakili.

Wazo lenyewe ni la Thomas Ray, mwanaikolojia aliyewahi kufanya utafiti katika misitu ya mvua ya Costa Rica. Mwaka 1990 aliweka katika kumbukumbu ya kompyuta kiumbe kimoja cha maagizo 80, ambacho kazi yake ilikuwa kujinakili tu, na mfumo huo akauita Tierra. Unakili ulikuwa na makosa ya hapa na pale, na nafasi ilipojaa, viumbe wakongwe na waliokosea sana waliondolewa kwanza. Hakuna aliyeandika kimelea humo, lakini kilitokea: kiumbe cha maagizo 45, kisicho na sehemu ya kunakili, kilichotumia ile ya jirani yake. Baadaye, miongoni mwa wenyeji, yaani viumbe walionyonywa na kimelea hicho, wakazuka ambao hakikuwaweza, kisha wengine walioviibia vimelea vyenyewe muda wa kuchakata, yaani zamu ya kompyuta ya kutekeleza maagizo yao. Katika programu yangu niliugawa muda huo sawasawa kwa wote; wafupi wakamaliza kujinakili mapema, na kufikia asubuhi warefu walikuwa wametoweka.

Hapo ndipo nilipovielewa viazi vya mama. Kwa miaka mingi alipovuna, vikubwa vilijaza magunia ya sokoni, na vidogo vilivyobaki akavitunza kuwa mbegu. Baada ya misimu kadhaa akawa analalamika kwamba mbegu imechoka. Nadhani neno hilo linatupotosha, kwa sababu mmea wenye virusi aghalabu huzaa viazi vidogo, na virusi hupita ndani ya kiazi hadi kwenye chipukizi, hivyo kila alipotenga vidogo alikuwa akiunakili ugonjwa kwa mikono yake mwenyewe.

Nilipomweleza, alinyamaza, akachukua kiazi kimoja kikapuni, kidogo kama yai la kuku, chenye machipukizi mawili meupe, akakigeuzageuza kwa muda mrefu. Msimu uliofuata, majani yakiwa bado mabichi, alipita shambani akichomeka vijiti kando ya mashina yenye afya, na wakati wa kuvuna akaanza na hayo, akaitenga mbegu yake kabla ya gunia la kwanza kufunguliwa.