Zamu ya Usiku kwenye Banio

Nimerudi kwetu Usangu, mkoani Mbeya, baada ya miaka 11 Oman, na kitu cha kwanza nilichokitafuta kwa macho ni maji. Basi lilipokaribia Igawa nilimwomba abiria wa dirishani anipishe nichungulie. Ilikuwa Oktoba, kiangazi kikali, lakini chini ya daraja Mto Mbarali ulikuwa unatiririka. Nikashusha pumzi.

Furaha ile haikufika jioni. Nyumbani, upande wa Ubaruku, nilimkuta baba ameketi barazani, buti za mpira miguuni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, karibu nyumbani."

Chai haijapoa akaniambia: "Maji uliyoyaona Igawa usiyahesabu. Ukivuka mabanio yetu, pale tunapoyageuza maji ya mto yaingie mferejini, huyaoni tena."

Mbarali ni mmoja wa mito inayoulisha Ruaha Mkuu. Maji yake huingia ardhi oevu ya Ihefu, yakapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yakaenda kujaza mabwawa ya Mtera na Kidatu, yenye mitambo ya megawati 80 na 204. Wazee waliujua Ruaha Mkuu kama mto usiokauka. Tangu 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, na kule hifadhini viboko wanabanana kwenye madimbwi ya matope. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo ni habari ya wanyama tu. Kumbe inaanzia kwenye mfereji wetu.

Usiku nilimfuata baba banioni. Ni mwanachama wa Jumuiya ya Watumia Maji, na zamu ya kufunga ilikuwa yake. Mpunga ulishavunwa zamani, majaruba yamebaki mabua, lakini mfereji ulikuwa umefurika hadi barabarani. Mtu alifungua anyweshee vitunguu, akaenda zake kulala. Baba alishuka, maji yakamfika magotini. Akapapasa kwa mguu mpaka akaupata ubao wa chini, akaukandamiza, kisha akaziba mianya kwa majani na viroba vya mchanga. Taratibu sauti ya mfereji ikafifia, ya mto ikapanda. Nilisimama na tochi mkononi, machozi yananilenga.

Kule Nizwa, mji wa Oman nilikofanya kazi za ndani, mitende ya baba mwenye nyumba ilinyweshwa na Falaj Daris, mfereji wa kale ulioingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Fungu la maji la kila mtu huhesabiwa kwa muda. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota. Yuko msimamizi, wenyewe humwita wakili, na mwenye fungu anajua la jirani yake linaanza saa ngapi. Askari wa kulinda maji sikumwona hata siku moja. Walinzi ni wenye maji wenyewe.

Nikayasema hayo kwenye mkutano wa jumuiya. Mama mmoja akanijibu: "Zamu tunazo, mwanangu. Ila anayefunga ni mmoja, wanaofungua ni kumi."

Kweli tupu. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inazitambua jumuiya hizi, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwetu bango la mita 60 lipo, limezungukwa na mahindi. Kwa maoni yangu kasoro kubwa ni wale wasiokuwepo mkutanoni. Wafugaji hawakuwepo, wavuvi wa Ihefu hawakuwepo, na kina mama, ambao ndio wachotaji, walikuwa wawili tu, mimi wa tatu. Anayeona mto umekatika yuko chini, anayeufungulia yuko juu, na hawajawahi kukaa benchi moja.

Niliomba vijana wa mfereji wetu washuke wakaone penye mchanga mkavu, wazungumze na watu wa huko, warudi nao kwenye mkutano ujao. Wanne wamekubali. Nauli yao nimeitoa kwenye akiba yangu ya Oman, na sijutii hata shilingi.

Ada ya jumuiya nimelipa, jina limeandikwa daftarini. Jumanne usiku tunafunga banio pamoja, mimi na mama yule.